Ukuta wa Nyuma ya Kituo

Mama Mapacha alikuwa na malalamiko yake, na hakutaka kusikia kwamba jirani yake ndiyo kwanza amezikwa jana. Alisimama kwenye mlango wa nyumba ya marehemu, mikono kiunoni, akamzuia Inspekta asipite mpaka kwanza amsikilize.

"Wewe ndiye mkubwa wao?"

"Mimi ni mpelelezi, mama. Nimetoka makao makuu. Nimekuja kwa ajili ya fundi."

"Fundi, Mungu amrehemu, alikuwa kama ndugu yangu wa tumbo moja. Lakini na mimi nina yangu. Kuna mwanamume ananichungulia bafuni."

"Tutalishughulikia."

"Lini? Nimekwenda hapo kituoni wakanicheka. Kuna koplo mmoja hana adabu, ananiambia, mama, kwa umri wako nani ahangaike? Umri gani? Nimemwambia nimezaliwa juzi?"

Inspekta aliuma midomo asicheke, kwa sababu nyumba ilikuwa ya msiba na viti vya wafiwa bado vilikuwa uani. Kazini walimwita Bi Kwanini. Jina hilo alilipata chuo cha polisi kwa kuuliza maswali mpaka wakufunzi wakaomba likizo, na alikuwa amelizoea kiasi kwamba akiitwa kwa jina alilopewa na wazazi alichelewa kugeuka. Alimwahidi Mama Mapacha kwamba akimaliza humu ndani atakwenda kuliona bafu lenyewe. Mama akakubali, lakini hakuondoka mlangoni.

Kesi ilikuwa imeshapikwa na kupakuliwa. Juzi asubuhi, fundi cherehani wa mtaa, mwanamke wa makamo asiye na ugomvi na mtu, alipigwa risasi akiwa ameketi kwenye mashine yake. Ilikuwa risasi moja tu. Majirani walisikia mlio wakadhani ni tairi la lori. Risasi ilikutwa imezama kwenye mwimo wa mlango, ndefu, iliyochongoka, ya bunduki ya vita. Kabla ya jua kuzama polisi wa kituo cha jirani walikuwa wamemkamata mdogo wake marehemu, aliyekuwa akiishi naye. Alikuwa mwanajeshi zamani, na asubuhi hiyo watu waliwasikia wakigombana. Bunduki za kituo zilikuwa zile fupi za zamani, ambazo risasi zake ni butu na nene kama kidole gumba. Zile mpya za kivita, alizotoa waziri, zilikuwa bado kwenye masanduku, zinasubiri kufunguliwa kesho kwenye sherehe. Ndivyo alivyoeleza Mkuu wa Kituo, tena kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi. Mshukiwa angepelekwa mahakamani alasiri ya leo kwa kosa ambalo adhabu yake ni kitanzi. Kilichobaki ni sahihi ya mtu wa makao makuu.

Bi Kwanini alikuwa amemwona mshukiwa kabla ya kuja hapa. Jicho moja lilikuwa limevimba na kuziba.

"Jeshini ulikuwa kitengo gani?" alimuuliza.

"Jikoni, afande."

"Jikoni?"

"Miaka yangu yote. Mtaani wananiita Kamanda, lakini ni utani. Kamanda wa masufuria."

"Mligombana nini na dada yako?"

"Redio. Mimi nataka mpira, yeye anataka nyimbo zake. Nikaizima, akaiwasha. Nikatoka kwa hasira. Sikumuaga."

"Bunduki iko wapi?"

"Afande, kwa kipigo nilichopigwa, ningekuwa nayo ningewapa mbili."

Hakuwa amejibu kama mwongo. Mwongo hujitetea, na huyu alikuwa amechoka. Lakini uchovu hauwi ushahidi, kwa hiyo Bi Kwanini akaja kukiangalia chumba.

Kilikuwa chumba kidogo cha mbao. Mashine ilikuwa katikati, kiti kimeelekea mlangoni ili fundi apate mwanga, na nyuma ya kiti ukuta mzima ulikuwa umefunikwa na nguo za wateja zilizotundikwa kwenye kamba. Nyingi zilikuwa sare za polisi. Fundi ndiye aliyekuwa akiwashonea, na kwa ajili ya sherehe walikuwa wamemletea mashati yote ya gwaride yabadilishwe vifungo. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuja kuyachukua.

Taarifa ya kituo ilisema muuaji alisimama dirishani. Bi Kwanini alisimama dirishani. Kutoka pale risasi ingekwenda kugonga kabati, si mwimo wa mlango. Tena fundi alikuwa amepigwa mgongoni. Ili risasi imwingie mgongoni, itokee kifuani na iishie kwenye mwimo, aliyempiga alipaswa kuwa nyuma yake, na nyuma yake kulikuwa na mashati.

Akaanza kuyashusha moja moja. La nne lilikuwa na tundu mgongoni, dogo, safi, utadhani limetobolewa na msumari wa moto. Nyuma ya shati hilo, kwenye ubao wa ukuta, kulikuwa na tundu jingine.

"Walioandika taarifa hii hawakuyagusa mashati?" alisema kwa sauti.

"Waliogopa kuyachafua," Mama Mapacha akajibu kutoka mlangoni. "Ni ya sherehe."

Bi Kwanini alichukua kidonge cha uzi mweupe mezani kwa marehemu. Akafunga ncha moja kwenye msumari, akaupachika kwenye tundu la mwimo, akauvuta uzi ukakipita kiti, akaupenyeza kwenye tundu la ubao. Kisha akazunguka nje kuupokea. Kati ya nyumba ya fundi na ya jirani kulikuwa na uchochoro wa kupita mtu mmoja, na ng'ambo ya uchochoro kulikuwa na bafu la mabati.

"Hilo ndilo bafu lenyewe," alisema Mama Mapacha. "Njoo uone ushenzi wa watu."

Ndani ya bafu, usawa wa kifua, kulikuwa na matundu mawili, moja upande huu na jingine upande wa pili, yakitazamana.

"Umeyaona lini?"

"Juzi. Siku hiyo hiyo ya msiba. Watu wanalia, mwingine anatoboa bafu la mjane!"

Bi Kwanini alipitisha kidole kwenye tundu la upande wa mbali. Kingo za bati zilikuwa zimejikunja kuingia ndani. Akageuka akapapasa la upande wa fundi. Hapo zilikuwa zimejikunja kwenda nje. Akajua. Kitu kilikuwa kimeingia kule na kutokea huku, bila hata kupunguza mwendo.

"Mama, siku ile ulioga saa ngapi?"

"Mimi huoga asubuhi kila siku, nikishawapeleka wajukuu shule. Siku ile nilikuwa nimetoka tu, hata miguu sijafuta, nikasikia lile tairi likipa..." Hakumaliza. Alilitazama tundu moja, akageuka akalitazama la pili, akaweka kiganja kifuani, mahali penyewe. "Afande. Hilo halikuwa tairi."

"Halikuwa tairi, mama."

"Hakuna aliyekuwa ananichungulia."

"Hakuna."

Mama Mapacha, ambaye mtaa mzima haukuwahi kumwona akikosa neno, alikalia ndoo iliyofunikwa. Bi Kwanini alimshika bega. Naye alikuwa na hofu, tena kubwa, kwa sababu alikuwa ameshaupitisha uzi kwenye matundu yote mawili, akainama kwenye la mbali na kuona unakoelekea. Baada ya bafu kulikuwa na kiwanja kitupu cha kuanikia nguo, na mwisho wa kiwanja kulikuwa na ukuta mrefu wa matofali ya saruji uliopakwa rangi nyeupe na buluu. Ulikuwa ukuta wa nyuma wa kituo cha polisi.

Alivuka kiwanja bila haraka, asije akaonekana. Kwenye ukuta, pale uzi ulipoelekeza, plasta ilikuwa imebanduka na kuacha kovu la ukubwa wa sahani, na katikati ya kovu kulikuwa na tundu. Vipande vya plasta vilikuwa chini, kwenye majani, upande wa nje. Alichungulia ndani akaona rangi nyekundu, kama kitambaa. Kulikuwa na kitu kimetundikwa upande wa pili.

*

Uani mwa kituo mambo yalikuwa moto. Mahema yalikuwa yanasimamishwa, viti vinafutwa, na askari wawili walikuwa wanabishana juu ya mahali atakapokaa mke wa waziri. Kwenye kona ya nyuma kulikuwa na bango refu la kitambaa chekundu, KARIBU MGENI RASMI, na mbele yake mzee mwenye mvi, sajini, mtunza silaha wa kituo, alikuwa akipanga mistari ya gwaride kwa chokaa.

"Bi Kwanini!" aliita mzee, uso ukamchangamka. "Mwanangu, umefika hata salamu hakuna?"

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekonda. Huko makao makuu hawali?"

Wote walimwita Mwalimu. Yeye ndiye aliyemfundisha Bi Kwanini kushika bunduki, na katika miaka yote ya kufundisha hakuna mwanafunzi wake aliyejeruhi mtu kwa uzembe. Alijisifia hilo kila alipopata msikilizaji. Mwaka jana majambazi wenye bunduki za kijeshi walivamia stendi ya mabasi, na polisi wawili wakafa na vile vibunduki vyao mikononi. Mmoja alikuwa mpwa wake Mwalimu, mtoto wa dada yake, aliyemlea mwenyewe. Tangu hapo mzee hakuacha kuomba silaha za maana, kwa kila mkubwa aliyepita kituoni. Bunduki za waziri zilikuwa zake kuliko za mtu mwingine yeyote.

"Nasikia kesho ni siku yako," alisema Bi Kwanini.

"Ni ya marehemu mpwa wangu. Mimi nafurahi kwa niaba yake."

"Ni nzuri kweli hizo bunduki?"

"Mwanangu, acha! Hiyo si bunduki, ni radi. Ukiishika tu unajua umeshika kitu."

"Umeishika lini, na masanduku hayajafunguliwa?"

Mwalimu aliangalia huku na huku, kisha akatabasamu kama mtoto aliyeonja sukari. "Wewe si mtu baki. Tulizitoa juzi. Mkuu aliogopa aibu. Vijana wanapokea silaha mbele ya waziri halafu hata kuzibeba hawajui? Tukafanya mazoezi kidogo, tukazirudisha, tukafunga tena. Usimwambie mtu, Mkuu katukataza."

"Na risasi ndani?"

"Magazini tupu haina uzito. Nilitaka wauzoee uzito wake."

Bi Kwanini alilitupia jicho bango jekundu. "Baada ya mazoezi mlifanya nini?"

"Swali gani hilo? Si nilikufundisha mwenyewe? Unaondoa risasi, unaelekeza mtutu kwenye duara, unafyatua kuhakikisha kwamba ni tupu. Sheria yangu ni ile ile."

Duara alilolisema lilikuwa pale pale kwenye kona, limechorwa ukutani kwa rangi tangu Bi Kwanini ni kuruta. Kila askari aliyemaliza zamu alisimama mbele yake na kufyatua bunduki tupu. Mara chache, mtu akisahau risasi ndani, ililia, ikajibandika kwenye plasta, mhusika akachekwa wiki nzima na akanunua chai ya kituo kizima. Wenyewe walisema ukuta umekula. Ulikuwa umekula risasi za vibunduki vifupi kwa miaka na haukuwahi kulalamika.

"Na juzi, ukuta haukula kitu?"

Mwalimu alicheka, akajikuna kisogo. "Nani amekupa habari? Haya, niliumbuka mimi mwenyewe, mzee mzima, mbele ya vijana. Mkono una mazoea yake. Zile za zamani unavuta, unatazama, ndiyo unachomoa magazini. Hizi mpya magazini inatoka kwanza. Ukivuta kwanza, unaingiza risasi nyingine chemba, ndani ya mtutu, bila kujua. Mimi nikavuta kwanza. Nikachomoa, nikaelekeza kwenye duara, nikafyatua. Weee! Masikio yaliziba. Vijana walicheka mpaka wakakaa chini. Chai nimeshanunua."

"Halafu?"

"Halafu nini? Tulikuwa hatujamaliza kucheka, tukasikia kelele mtaani, fundi kauawa. Mimi ndiye niliyembeba mpaka kwenye gari. Shati langu lote lililowa damu." Uso wake ukabadilika kwa huzuni ya kweli. "Mwanamke mwema kabisa. Yule mdogo wake ni mnyama."

Bi Kwanini alitamani mtu mwingine aje afanye kinachofuata. Hakuja mtu.

"Mwalimu, hili bango nani aliamuru litundikwe hapa?"

"Mkuu. Jioni ya juzi. Nilimwambia, mgeni anaingilia mbele, bango la kumkaribisha unaliweka nyuma? Akanifokea."

"Nisaidie kulishusha."

Walilishusha. Duara lilionekana, limejaa makovu ya zamani yasiyo na kina, na katikati yake kulikuwa na tundu moja jipya. Kupitia tundu hilo mwanga wa jua wa kiwanjani uliingia ukamgusa Mwalimu kifuani.

Mzee alilitazama. Akasogea, akaingiza kidole, kikazama chote. Akakitoa, akaweka jicho.

"Kuna bafu la mabati kule," alisema taratibu.

"Lina matundu mawili. Yako mstari mmoja na hili. Na baada ya bafu ni ukuta wa mbao."

"Ukuta wa mbao wa nani?"

Mwalimu alibaki na jicho kwenye tundu, na Bi Kwanini akaona mgongo wa mzee unaanza kutikisika. Askari waliokuwa wanabishana juu ya kiti cha mke wa waziri wakanyamaza. Hakuna aliyewaeleza kitu, lakini wote walikuwapo juzi, wote walicheka, na sasa wote waliona mwanga unatoka wapi. Mmoja alivua kofia.

*

Mkuu wa Kituo alifunga mlango wa ofisi kabla ya kusema neno.

"Nani anajua?"

"Mimi, Mwalimu, vijana wako wote na Mama Mapacha. Ukimhesabu Mama Mapacha, basi ni mtaa mzima."

"Inspekta, tuongee kama watu wazima."

"Ulilificha tundu, afande. Ukamwacha mtu asiye na hatia apigwe siku mbili."

"Nililiona tundu. Sikujua limefika wapi."

"Hukutaka kujua."

Mkuu alikaa. Hakuwa mtu katili, na hilo ndilo lililomtia Bi Kwanini hasira zaidi. "Unaikumbuka stendi?" aliuliza Mkuu. "Wale vijana wawili tuliwaokota vipande. Wenzao walikuwa na silaha za vita, wao walikuwa na midoli. Hili likitoka nje leo, masanduku yanarudishwa. Wakija tena wale majambazi, niwaambie vijana wangu warushe mawe?"

"Naikumbuka stendi. Jeneza moja nililibeba mimi."

"Basi?"

"Basi sijui, afande. Siku ile tulizihitaji, sitakudanganya. Lakini majambazi walikuja siku moja. Majirani wako hapa kila siku, wanaoga, wanashona, na kati yetu na wao kuna huo ukuta tu. Kwanini hakuna aliyeuliza risasi ya radi yako inaishia wapi kabla hujaileta katikati ya nyumba za watu?"

Mlango ulifunguliwa bila kubishwa hodi. Mwalimu aliingia, amevua mkanda na kofia, akaviweka mezani mbele ya Mkuu wake.

"Naomba funguo za mahabusu," alisema.

"Sajini, tulia kwanza. Tutaandika kwamba ni ajali. Tutasubiri sherehe ipite, kisha..."

"Funguo, afande."

Bi Kwanini ndiye aliyezichukua ukutani. Mkuu hakumzuia. Alikuwa anatazama mkanda wa mzee kana kwamba utaondoka wenyewe.

Kwenye korido ya mahabusu Mwalimu alitembea kwa kuushika ukuta. Kamanda alikuwa ameketi sakafuni. Alipoona mlango unafunguliwa alisimama haraka, akauinua mkono kulikinga jicho lililobaki zima.

"Hakuna wa kukupiga," Bi Kwanini alimwambia. "Uko huru. Hukuua wewe, tumejua."

Kamanda hakusogea. "Mmempata?"

"Tumempata."

"Ni nani?"

Bi Kwanini alitaka kusema, lakini Mwalimu alimpita akaingia ndani ya chumba, akasimama mbele ya yule mpishi, mikono ikining'inia.

"Ni mimi," alisema.

Kamanda alimtazama. Alimfahamu, kama wote walivyomfahamu. Shati la mzee huyu lilikuwa miongoni mwa yale yaliyotundikwa kwenye kamba ya dada yake. Ngumi zilimkunjika, na Bi Kwanini akajiandaa kuingia kati, ingawa hakuwa na uhakika kama angekuwa na haki ya kufanya hivyo.

"Alikukosea nini?" Kamanda aliuliza. Akarudia. "Mzee, dada yangu alikukosea nini?"

"Hakunikosea kitu. Sikumwona."

"Ulikuwa unampiga nani, basi?"

"Sikuwa nampiga mtu." Machozi yalikuwa yanamtiririka Mwalimu na hakuyafuta. "Nilikuwa nahakikisha kwamba bunduki haina risasi."

Kamanda alisubiri aendelee. Alisubiri kwa muda mrefu, ngumi bado zimekunjwa, kwa sababu hakuamini kwamba maneno yamekwisha.